Ndoa ya wakala na talaka ya karatasi: uchambuzi wa ombi moja la udhamini wa mke kwenda Kanada

Februari 2023 walinijia ofisini Kariakoo mama mmoja mtu mzima na bintiye wa miaka thelathini na mbili, wamebeba bahasha mbili za kaki. Ya kwanza ilikuwa nene, ina picha zipatazo mia mbili, risiti za fedha zilizotumwa kwa simu na kurasa nyingi za mazungumzo yaliyochapishwa. Ya pili ilikuwa nyembamba, ina vyeti. Binti alikuwa ameolewa Juni 2022 na Mtanzania anayeishi Edmonton, jimbo la Alberta, kwa ukaazi wa kudumu, ambaye ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Mume alitaka kumdhamini mkewe ili naye apate ukaazi huo. Kijana mmoja wa mjini anayejaza fomu za viza kwa malipo alikuwa amewahakikishia kwamba jalada limekamilika, limebakia tu kiapo kuhusu tofauti ya jina, kwa sababu kwenye cheti cha kuzaliwa jina la binti linaanza kwa Kh na kwenye kitambulisho cha taifa linaanza kwa H. Kiapo cha namna hiyo ni kazi ya nusu saa, nami nilikiandaa siku ileile. Kilichotuchukua miezi kumi na minne iliyofuata hakikuwamo kabisa katika orodha waliyokuja nayo.

Nieleze kwanza mipaka ya kazi yangu. Mimi ni wakili wa Tanzania, na kifungu cha 91 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada kinamkataza mtu asiye mwanasheria wa huko, au mshauri aliyesajiliwa huko, kumwakilisha au kumshauri mwombaji kwa malipo. Kwa hiyo mume alitafuta mshauri aliyesajiliwa kulekule Alberta, naye ndiye aliyeshika fomu, wakati mimi nilishika mambo ya ndoa, talaka, mtoto na vyeti vya hapa nyumbani. Mgawanyo huo ulifaa, kwa kuwa kasoro zote mbili ambazo zingeliangusha ombi hili zilitokea Dar es Salaam na hazikuwa na dawa mahali pengine.

Kasoro ya kwanza niliigundua kwa bahati, nilipokuwa nikipekua picha huku nikisubiri kiapo kichapishwe. Katika picha za akdi, iliyofungwa msikitini Magomeni, yupo sheikh, wapo mashahidi, yupo baba wa binti ambaye ndiye walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha, na mbele yake ameketi kijana wa kanzu na kofia, mkono wake umo ndani ya mkono wa mzee. Nikamuuliza binti kama huyo ndiye mume.

"Hapana, huyo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu," akanijibu. "Yeye ndiye aliyemwakilisha."

Bwana harusi mwenyewe alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa juu ya mto, na katika picha mbili hivi uso wake unaonekana kwa mbali kwenye kioo cha simu hiyo.

Kwa upande wa dini jambo hilo halina shida, kwani mume anaruhusiwa kumweka wakili wa kumkubalia ndoa (wakili wa nikaha, si wa mahakamani kama mimi), na familia nyingi za pwani zenye vijana Uarabuni na Ulaya zimeozesha kwa njia hiyo. Kanada, hata hivyo, ilifunga mlango huo tarehe 11 Juni 2015. Tangu siku hiyo kanuni ya 117(9)(c.1) ya Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi inamwondoa katika kundi la wanafamilia wanaoweza kudhaminiwa mwenzi yeyote ambaye, wakati ndoa inafungwa, yeye au mdhamini wake hakuwapo mwenyewe mahali pale, iwe ni kwa uwakala, kwa simu, kwa faksi au kwa intaneti. Wanaosalimika ni wanajeshi wa Kanada walioshindwa kuhudhuria kwa sababu ya utumishi. Msomaji aangalie jinsi kanuni hiyo ilivyokaa: haiulizi kama ndoa ni halali pale ilipofungwa, wala kama wahusika wanapendana. Inauliza tu nani alikuwa wapi saa ile.

Kijana wa fomu, nilipompigia, alikuwa na ufumbuzi wake. Picha za simu zitolewe, ziwekwe zile za walima (karamu ya harusi) wa Desemba 2022, mume alipokuja likizo wiki tatu, na tarehe ya ndoa iachwe kama ilivyo, ofisa hatauliza. Nilimweleza kwamba kifungu cha 40 cha sheria ileile kinamfungia mwombaji milango kwa miaka mitano akibainika kuficha au kupotosha jambo la msingi, na kwamba mihuri ya pasipoti ya mume ingeonyesha wazi kuwa Juni 2022 hakukanyaga Tanzania. Aliona ninamharibia biashara. Waliokuwa wamemlipa hawakurudishiwa fedha yao, na nadhani hawatarudishiwa.

Jambo lililoniuma ni kwamba katika zile wiki tatu za Desemba akdi ingeweza kurudiwa kwa robo saa, mume akiwa ameketi mwenyewe mbele ya baba mkwe wake. Ndivyo nilivyowaza siku ile, na nilikuwa nimekosea, kwa sababu hata hiyo isingewaokoa.

Niliomba cheti cha ndoa ili nione kilivyojazwa, na kwenye nafasi ya hali ya bibi harusi nikakuta neno "mtalaka". Binti alikuwa ameolewa mara ya kwanza mwaka 2014 huko Temeke, akazaa mtoto wa kiume mwaka 2015, na Machi 2019 mume wake wa kwanza akamwandikia talaka moja kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mashahidi wawili, na sheikh wa mtaa akaigonga muhuri. Alikaa eda mpaka ikaisha. Agosti mwaka huohuo alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, akarudi Septemba 2021, na miezi michache baadaye akakutana na huyu wa Edmonton katika msiba wa jamaa yao Mbagala. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekwenda mahakamani, wala aliyemwambia kwamba inabidi aende.

Hapa ndipo sheria ya nchi na mazoea ya mtaani yanapoachana, na wanaoumia ni wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni Sura ya 29, inasema katika kifungu cha 12 kwamba ndoa iliyofungwa kihalali inaendelea kuwapo mpaka ikomeshwe na kifo, na tamko la mahakama kwamba mmoja wao anadhaniwa amekufa, na amri ya kuibatilisha, na amri ya talaka ya mahakama, au na talaka ya nje ya mahakama iliyotolewa nje ya nchi na ikatambuliwa hapa. Karatasi ya daftari iliyoandikwa Temeke haimo katika orodha hiyo, hata ikiwa na muhuri. Kifungu cha 15 kinamkataza mwanamke aliye katika ndoa kufunga nyingine wakati ile ya kwanza ingali hai. Kwa hiyo Juni 2022, mbele ya sheria ya Tanzania, binti huyu alikuwa bado mke wa mtu. Nayo kanuni ya 117(9)(c)(i) ya Kanada inamwondoa mwenzi ambaye siku ya ndoa yao yeye au mdhamini alikuwa tayari katika ndoa na mtu mwingine. Bahasha yenye picha mia mbili haikuwa na ndoa hata moja ya kuisimamia.

Nafahamu kwa nini watu hukusanya picha. Kanuni ya 4 ya Kanuni zilezile za Kanada inamruhusu ofisa kuikataa ndoa kama si ya kweli, au kama lengo lake kuu lilikuwa kupata ukaazi, na neno "au" lina uzito, kwa kuwa moja kati ya hayo mawili linatosha kulikataa ombi. Habari za maombi yaliyokataliwa kwa sababu hiyo ndizo zinazosimuliwa vibarazani, hivyo kila mtu anajiandaa kwa swali la mapenzi. Swali la tarehe halisimuliwi, pengine kwa sababu halina utamu wa kusimulia.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya kisheria. Baba wa binti, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuja ofisini kwangu amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akaketi, akakataa chai.

"Wakili, unataka kuniambia kwamba mwanangu niliyemwozesha kwa mkono wangu amekaa na mwanamume bila ndoa?"

Nilimjibu, "Hasha, mzee wangu. Mbele ya dini yako na mbele ya majirani zako umeozesha, na mimi sina elimu ya kukupinga. Ninachosema ni kwamba daftari la serikali lina mume mwingine, na wazungu wanasoma daftari la serikali."

Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atamuuliza sheikh. Baada ya wiki moja nilipata simu: sheikh amesema kuirudia akdi kwa tahadhari hakuna ubaya, ila mahari yasitajwe kana kwamba ya kwanza hayakulipwa. Sharti hilo tuliliheshimu.

Sasa ilibidi ndoa ya mwaka 2014 ivunjwe mahakamani, na njia yake ina hatua ambayo kwa kawaida haiwezi kurukwa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mume wa kwanza, fundi cherehani wa Mbagala ambaye alikuwa ameshaoa tena, aliitwa mara mbili asije, na mara ya tatu akaja amekasirika. "Mimi nilishamwacha, naitiwa nini tena?" Mjumbe mmoja wa baraza aliuliza kwa unyenyekevu kabisa atawapatanishaje watu ambao kila mmoja ana mwenzake. Hati ikatolewa.

Watu wengi, na mawakili wenzangu wamo, hudhani kwamba baada ya hati ya baraza karatasi ya zamani ya talaka inatosha kuifanya mahakama itoe amri. Kifungu cha 107(3) kinasema vingine. Ni kweli kwamba kwa ndoa ya Kiislamu mahakama inalazimika kuona ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika ikiwa mmoja wao amefanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja, lakini tendo hilo liwe limefanyika baada ya baraza kutoa hati, si kabla. Talaka yetu ilitangulia hati kwa miaka minne. Je, mume angeitamka upya? Hapo tukakwama kwa namna ambayo sikuwahi kukutana nayo: talaka ilikuwa moja, eda ilikwisha bila kurejewa, kwa hiyo kwa imani yake huyu mwanamke si mkewe tena, na mtu hawezi kumtaliki asiye mkewe. Alikataa, na nilimwona ana hoja. Tuliiacha njia hiyo, tukasimama kwenye sababu ya kawaida ya kifungu cha 107(2), yaani kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua mitatu, na ile karatasi ya 2019 tukaitumia kama ushahidi wa siku walipoanza kutengana. Kwa kazi hiyo ilifaa sana.

Shauri lilifunguliwa Mei 2023 katika mahakama ya mwanzo, ambayo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa sawa na mahakama za juu yake. Katika maombi tulieleza wazi kuhusu akdi ya 2022, kwa sababu hukumu ingesomwa na ofisa wa Kanada, na hukumu iliyonyamazia jambo hilo ingezaa maswali mengine. Mjibu maombi, yaani mume wa kwanza, alipohakikishiwa kwa maandishi kwamba hadaiwi sehemu ya nyumba yake, alitulia. Amri ya talaka ilitoka Septemba, mtoto akabaki chini ya malezi ya mama, baba akapewa haki ya kumwona. Tulisubiri siku 45 za rufaa zipite, rufaa haikukatwa, nikachukua nakala zilizothibitishwa.

Suala la mtoto lilijitokeza humohumo. Bibi yake alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mtoto amezoea huku, wa nini kumwandika kwenye fomu. Sikumlaumu, alidhani anapunguza mzigo. Kanuni ya 117(9)(d) haina huruma hapo: mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakupimwa afya wakati mzazi anaomba ukaazi, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye katika kundi la familia, hata kama wakati ule hakukusudiwa kusafiri. Kanada ilitoa nafuu ya kisera kwa baadhi ya watu wa aina hiyo Septemba 2019, lakini nafuu inayotolewa kwa muda haifai kuwa msingi wa mpango wa familia. Mtoto akaandikwa, na baadaye ikaamuliwa asafiri pamoja na mama. Baba yake alisaini tamko la mzazi asiyesafiri, na siku ya kusaini alimletea mwanawe kanzu aliyoishona mwenyewe.

Mume alitua Dar es Salaam tarehe 20 Desemba 2023 akiwa na likizo ya wiki nne tu. Kama mkaazi wa kudumu, tofauti na raia, anatakiwa awe anaishi Kanada wakati wote wa udhamini, kwa hiyo kukaa sana hakukuwezekana, na mwajiri wake naye asingekubali. Sheria ya Ndoa inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na siku hizo zilimeza wiki tatu kati ya nne. Mama mkwe alipendekeza ndoa ya bomani ili iwe haraka. Mzee hakutaka hata kulisikia neno bomani, na kwa kweli siku 21 ni zilezile huko pia. Akdi ilifungwa Januari 2024, msikiti uleule, walii yuleyule, na safari hii mkono ulioshikwa ulikuwa wa bwana harusi. Nilimwomba mpiga picha ahakikishe uso wake unaonekana katika kila picha, akaniona mtu wa ajabu.

Vilivyobaki vilikuwa vya kawaida, nami nitavipita haraka. Cheti cha polisi cha Tanzania kilipatikana kwa alama za vidole. Cha Omani kilisumbua, kwa sababu kila nchi ambayo mwombaji amekaa miezi sita au zaidi mfululizo katika miaka kumi iliyopita inatakiwa kutolewa cheti chake, na mwajiri wa Muscat alikuwa amebakia na baadhi ya karatasi. Hukumu, ikiwa ya mahakama ya mwanzo, iliandikwa kwa Kiswahili, hivyo ilitafsiriwa na mfasiri aliyeapa, asiye ndugu wa upande wowote. Kipato cha mume hakikuwa kikwazo kama alivyohofia: anayemdhamini mke na mtoto mdogo wa mke kwa kawaida hapimwi kwa kiwango cha chini cha mapato, mradi asiwe anaishi kwa msaada wa ustawi wa jamii kwa sababu isiyo ya ulemavu.

Barua ya maelezo ndiyo niliyoipa muda mrefu. Niliandika rasimu ya upande wa Tanzania, mshauri wa Alberta akaiweka katika lugha yao. Ilieleza akdi ya 2022 kama ilivyokuwa, pamoja na simu juu ya mto. Ikaeleza kwamba ombi halijengwi juu ya akdi hiyo. Ikataja amri ya talaka kwa namba na tarehe yake. Kisha ikasema ndoa inayotegemewa ni ya Januari 2024 peke yake. Picha za 2022 hatukuzitupa. Zilihamia sehemu ya kuthibitisha uhusiano, ambako zina nguvu kuliko mahali zilipokuwa mwanzo, kwa kuwa zinaonyesha familia mbili zilizojuana na kula pamoja kabla mtu yeyote hajazungumza habari za kanuni.

Ombi liliwasilishwa katikati ya Aprili 2024. Ada ya mdhamini na mwenzi ilipanda tarehe 30 ya mwezi huo, kutoka dola za Kanada 1,080 hadi 1,205, kwa hiyo kukimbizana kwetu kuliokoa dola 125, ambazo mume alisema ni bei ya simu aliyokuwamo siku ya akdi ya kwanza.

Barua moja tu ilirudi. Ofisa alitaka kujua kwa nini vipo vyeti viwili vya ndoa kati ya watu walewale. Mshauri alimrejesha kwenye barua ya maelezo, ukurasa wa pili, akaambatanisha tena hukumu na tafsiri yake. Vipimo vya afya vilifanywa na daktari aliyeteuliwa na Kanada, viza zikatoka, na mama na mtoto waliondoka mwaka 2025. Ahadi ya mume ya kumtunza mkewe kwa miaka 3 ilianza kuhesabiwa siku mke alipopata ukaazi. Ya mtoto ni miaka 10 au mpaka afikishe 25, lolote litakalotangulia, na kwa umri wake ile kumi ndiyo itakayotangulia.

Cheti cha Januari 2024 walikwenda nacho. Cha Juni 2022 mzee alikiomba abaki nacho, akakiweka pamoja na hati ya nyumba yake.